Muhuri wa Muyinga Umehamia Gitega

Sehemu ya tisa: Mlango namba saba

Mkono wa Letisia ulikuwa bado juu ya kitasa, pale pale tulipouacha, na ndani ya chumba namba saba ile sauti ya mwanamume ilikuwa bado inaimba. Wiki nzima mmeipigia ofisi ya gazeti simu mkitaka kujua ni nani. Haya basi. Letisia alisukuma mlango.

Alikuwa Audax.

Ndiyo, Audax yule yule! Yule ambaye miaka kumi na moja iliyopita alimwacha Letisia siku mbili kabla ya kutoa mahari. Bia zilikuwa zimeshanunuliwa, viti vimekodiwa, wajomba wamefika kutoka Itaba na viatu vipya. Alituma ujumbe wa simu wenye maneno matano: samahani, mambo yangu hayajakaa sawa.

Sasa mambo yake yalikuwa yamekaa sawa kabisa. Alikuwa nyuma ya meza pana, tai shingoni, na mbele yake kibao kilichoandikwa Mkuu wa Kitengo cha Mihuri.

"Leti," alisema, na wimbo ukaishia hapo.

"Madamu Letisia," alimsahihisha. "Nimetoka Muyinga alfajiri. Nataka muhuri wangu."

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitamsimulia haraka, tusichelewe. Letisia ni karani mkuu wa Benki ya Mavuno, tawi la Muyinga. Kwa miaka kumi na miwili kila karatasi ya tawi lile ilipita mikononi mwake. Aliisoma, alimtazama mteja usoni, akaupuliza muhuri, akagonga. Dakika mbili.

Kisha akaja mtaalamu. Alikaa siku sita katika hoteli moja ya Gitega, akagundua kwamba benki ina matawi kumi na manne na mihuri kumi na minne, kila muhuri na mtu wake. Huo ni upotevu, aliandika. Mihuri yote ikusanywe katika Kituo cha Huduma za Pamoja, Gitega, ili matawi yapate muda wa kuwahudumia wateja. Mihuri ikakusanywa. Matawi yakapata muda mwingi mno, na wateja wakaupata pia, kwa sababu walikuwa wameketi nje wakisubiri.

Hata mipini haikusalimika. Muhuri wa Muyinga ulikuwa na mpini wa mti, umezungushiwa kipande cha kitenge na mzee Elikana, mlinzi wa tawi, usiteleze mkononi. Kituo kiliagiza mipini mipya kwa mkupuo, yote myeusi, yote sawa, kwa sababu vitu vinavyofanana ni rahisi kuvisimamia. Ndivyo walivyosema.

Na vifaranga? Nilijua mtauliza. Vifaranga elfu mbili walikuwa ndani ya lori, katika uwanja wa malori mpakani Kobero, tangu jana jioni. Ni mali ya wanawake arobaini wa Gasorwe, wakulima waliorudi kutoka Tanzania kama Letisia mwenyewe, na kila mmoja wao alikuwa amejenga banda. Waliagiziwa na Shirin Lalji, mwenye duka Muyinga. Kilichobaki kilikuwa hati moja ya benki yenye muhuri wa tawi. Bila hati, msimamizi wa uwanja haruhusu lori litoke wala katoni ifunguliwe.

Kifaranga akitoka kwenye yai huja na akiba yake tumboni, ya siku tatu. Hawa walitotolewa Jumatatu alfajiri. Leo ilikuwa Jumatano, na uwanja unafungwa saa kumi na moja jioni.

Na nani aliwaambia wale wanawake kwamba hati ya benki ni kazi ya dakika mbili? Letisia. Aliwaapia mbele ya kanisa.

"Kaa kwanza," alisema Audax. "Mi niko na furaha kukuona."

"Muhuri, Audax."

"Bon. Kashe ya Muyinga iko hapa, droo ya tisa." Aliigonga droo kwa kidole. "Iko salama. Sasa nipe fomu ya kuomba."

Letisia alimpa fomu. Audax aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akakunja uso.

"Hii haina kashe."

"Kashe gani?"

"Ya tawi. Fomu ya kuomba kashe lazima iwe na kashe ya tawi. Tutajuaje kama kweli imetoka Muyinga?"

Letisia alivuta pumzi. "Muhuri wa tawi uko kwenye droo yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo lazima niwe na muhuri Muyinga, ili niuombe muhuri uliopo Gitega."

"Ni vile proseduri iliandikwa," alisema Audax na, tusimwonee, aliona haya kidogo. "Hata wa tawi la Ngozi walilia hapa juzi. Mutu mzima na watoto wake, analia."

"Fungua droo, ugonge wewe."

Audax aliinua macho darini. Kamera ndogo ilikuwa inaitazama meza. "Ile inahesabu kila kugonga. Nikigonga bila namba ya fomu, kesho niko nyumbani."

Letisia alifungua mdomo ili amwambie mambo aliyoyatunza miaka kumi na moja. Yalikuwa mengi na aliyapanga vizuri. Lakini mlango ulifunguliwa kwa kishindo na harufu ya manukato ikatangulia kuingia.

Alikuwa Bwana Fredi, Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Audax! Wanahisa wako kwa ngazi! Ile karatasi ya maonyesho iko wapi?"

"Karatasi gani, Bwana Direkteri?"

"Ya kuwaonyesha namna tunafanya kazi! Nimewaambia mbele ya redio ni dakika kumi, dosiye imetoka! Leteni dosiye!"

Hakukuwa na dosiye. Kituo kilikuwa na wafanyakazi ishirini na sita, mashine ya kahawa na picha ya mtaalamu ukutani, lakini asubuhi ile hakikuwa na karatasi hata moja iliyotimiza masharti ya kushughulikiwa.

Letisia alisimama. "Mimi ninayo, Bwana Direkteri. Muyinga. Hati halisi, ya mteja halisi."

Bwana Fredi alimtazama akakaribia kumkumbatia.

Nje ngoma zilianza kupigwa, wanahisa wakaingia ukumbini na kuketi. Meza tano zilikuwa zimepangwa kwa mstari: Kupokea, Kukagua, Kuthibitisha, Kuidhinisha, Kugonga. Kila meza na mtu wake, kila mtu na kalamu yake mpya. Bwana Fredi aliinua simu yake juu, akawaonyesha watu saa inayohesabu sekunde, akasema twende.

Meza ya kwanza iliipokea hati na kuipa namba. Meza ya pili ilikagua kama imepewa namba. Meza ya tatu ilithibitisha kwamba meza ya pili imekagua. Meza ya nne iliidhinisha, baada ya kuuliza kwa kunong'ona ni nini hasa kinaidhinishwa. Letisia alitembea kando ya hati yake akiitazama.

Kwenye meza ya tano alikaa Bwana Fredi. Mbele yake palikuwa na sinia yenye mihuri miwili: wa Muyinga, ambao Audax alikuwa ameutoa kwenye droo kwa amri, na wa Mkurugenzi Mkuu, wa kugongea cheti cha kumbukumbu cha mwenyekiti wa wanahisa. Aliupuliza wa kwanza, akagonga hati. Aliupuliza wa pili, akagonga cheti. Akairudisha yote miwili kwenye sinia na kuinua mikono.

Mpini mweusi kando ya mpini mweusi. Shikeni hapo.

"Dakika tisa na sekunde arobaini!" alipaaza sauti. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Letisia alipiga makofi kuliko wote, machozi yakimlengalenga, kwa sababu muhuri wa Muyinga ulikuwa umekaa vizuri chini ya hati, wino wa zambarau, hata haujapinda. Alinyoosha mkono aichukue.

Mkono mwingine uliwahi.

"Na hii," alisema Bwana Fredi akiiinua hati, "dosiye ya kwanza ya Kituo chetu, tunaitoa zawadi kwa mwenyekiti wetu!"

Hati iliingia ndani ya fremu ya dhahabu iliyokuwa tayari imeandaliwa. Fremu iliingia mikononi mwa mwenyekiti. Mwenyekiti alipigwa picha, aliingia garini, na gari likaondoka kuelekea Bujumbura kabla Letisia hajapata pa kupenya kati ya wapiga ngoma. Alikimbia nyuma ya gari lile hadi kwenye lami, viatu mkononi.

Aliporudi alimkuta Bwana Fredi mlangoni.

"Bwana Direkteri, ile ilikuwa hati ya kazi! Kuna vifaranga elfu mbili mpakani!"

"Ah, Madamu. Nakala si iko?"

"Kwenu hapa mlikataza nakala."

"Ni kweli, tuliokoa karatasi nyingi sana." Alifurahi kukumbushwa. "Bon, fuata proseduri. Siku ya kuhudumia tawi la Muyinga ni Alhamisi ya pili ya mwezi. Iko karibu tu."

Alhamisi ya pili ilikuwa baada ya siku nane. Bwana Fredi alichukua muhuri mmoja kutoka kwenye sinia aliyoishika Audax kando yake, akautia mfukoni bila kuutazama, akapanda ngazi kwenda kula.

Sasa nisikilizeni vizuri. Letisia alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na mtu aliyewahi kupanga foleni ya kambi akapoteza karatasi yake moja tu hasahau maisha yake yote. Anajaza mbili, anatia saini mbili, moja anaikunja ndani ya nguo. Huko Muyinga wenzake humcheka. Leo hati ya pili ilikuwa kifuani mwake, imejazwa, imetiwa saini, haijakosa kitu isipokuwa kile kile.

Simu ililia. Alikuwa Shirin.

"Letisia dada yangu, mi niko hapa uwanjani na Mama Kasilda wa Gasorwe. Dereva anasema asubuhi vifaranga walikuwa wanapiga kelele sana. Sasa sauti iko inapunguka. We uko wapi?"

"Ninakuja," alisema Letisia, na hakujua atakuja na nini.

Alikaa kwenye ngazi ya Kituo, akalia. Hakulia kwa kujificha. Alililia benki aliyoitumikia miaka kumi na miwili, aliwalilia wanawake arobaini waliojenga mabanda kwa sababu ya mdomo wake, na kwa kuwa machozi yalikuwa yameshafunguka, aliwalilia pia wajomba wake na viatu vyao vipya.

Mtu aliketi kando yake. Alikuwa Audax, hana tai.

"Mi nilikuachaka na mesaje," alisema bila kumtazama. "Sikuwa hata na nguvu ya kuja kusema. Niliogopa wajomba, niliogopa deni la bia, niliogopa kila kitu. Leo nikuache tena, na proseduri? Hapana, Leti."

Alimtilia mapajani leso iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu.

"Kashe yako. Kesho saa mbili asubuhi iwe imerudi kwa droo, mbele hawajafungua."

Letisia alimtazama. Ningependa kuwaambia kwamba alimsamehe hapo hapo, lakini sitawadanganya. "Na wino?" aliuliza.

Audax aliinamisha kichwa. "Wino iko kitengo kingine. Gorofa ya pili. Nao wanaomba fomu."

Saa saba kasoro robo Letisia alikuwa ndani ya teksi ya Probox, amebanwa kati ya mama mwenye ndizi na fundi wa redio, leso ameikumbatia. Hakuthubutu kuifungua mbele ya watu. Alimpigia Shirin aje na kidau cha wino cha dukani. Mjini Karusi walisimama, dereva akashuka kununua mishikaki, akaila kwa utulivu wa ajabu. Letisia alimwambia kitu ambacho mhariri amenikatalia kukiandika, na mishikaki iliyobaki ikaliwa safarini.

Alifika Kobero saa kumi na dakika arobaini.

Lori lilikuwa kwenye kona ya uwanja. Nyuma yake walisimama wanawake wa Gasorwe, vikapu vitupu vichwani, wamenyamaza kama wako msibani. Kando yao wafanyabiashara na madereva zaidi ya thelathini, wote wateja wa tawi la Muyinga, wote na karatasi zisizo na muhuri, walikuwa wameketi juu ya magunia. Wengine walikuwa na siku nne hapo.

Letisia aliweka sikio kwenye turubai. Mlio ulikuwepo, mdogo, wa wachache.

"Umefika, mwanangu," alisema Mama Kasilda. Hakuuliza zaidi. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Faridi, msimamizi wa uwanja, alitoka kwenye kibanda chake akiitazama saa. "Madamu, mi nimevumilia sana. Iko dakika kumi na tano nifunge. Hati iko na kashe?"

"Itakuwa nayo sasa hivi."

Shirin alifungua kidau cha wino juu ya boneti. Letisia alitoa hati kifuani, akaikunjua, akafungua fundo la leso. Mpini mweusi. Aliuchovya, akaupuliza kwa mazoea, na kama kila karani anayeheshimu kazi yake, aliujaribu kwanza kwenye kiganja cha mkono wa kushoto.

Akakitazama kiganja.

Hapakuandikwa Muyinga. Palikuwa na maneno mawili ya Kifaransa ambayo hata Mama Kasilda, asiyejua Kifaransa, aliyatambua: Directeur Général.

Shirin aliona, akashika mdomo. "Letisia, hii iko ya nani?"

"Ya mkubwa," alisema Letisia.

Audax hakukosea kwa ubaya. Aliokota mpini mmoja kati ya miwili inayofanana, na Bwana Fredi akaondoka na mwingine. Lakini nani angeamini? Karani wa Muyinga, na muhuri wa Mkurugenzi Mkuu mkononi, mpakani. Watu wamefungwa kwa mambo madogo kuliko hilo. Kama angeufunga tena kwenye leso na kuurudisha Gitega, kazi yake ingekuwa salama, na kesho asubuhi wanawake wa Gasorwe wangefungua katoni za mizoga.

"Dakika nane," alisema Faridi.

Ndani ya lori kifaranga mmoja alilia, akanyamaza. Wengine hawakumjibu.

Mama Kasilda alishusha kikapu chake chini. "Mwanangu, kama haiwezekani useme. Tumewahi kurudi mikono mitupu. Njia tunaijua."

Hilo ndilo lililommaliza Letisia. Aliuchovya tena muhuri na kuupuliza.

Akagonga.

Faridi aliichukua hati kwa uvivu, akaisoma, akaisoma tena. Mgongo wake ulinyooka wenyewe. Alivua kofia.

"Madamu! Kumbe hii dosiye ni ya Direkteri Jenerali mwenyewe? Na mumeninyamazia tangu jana, munataka nipoteze kazi?" Aligeuka akapiga kelele uwanja mzima usikie. "Fungua geti! Fungua turubai! Maji ya vifaranga iko wapi?"

Katoni zilishuka mkono kwa mkono. Wengine walikuwa wamekufa, sitaficha hilo, lakini waliobaki walikuwa wengi, na walipoguswa na maji walianza kulia wote pamoja, kelele ya kuumiza masikio. Mama Kasilda alichukua mmoja, akamweka ndani ya kiganja cha Letisia chenye wino. Shirin alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Letisia alitaka aondoke hapo haraka. Aligeuka, na akakuta njia haipo.

Wale zaidi ya thelathini walikuwa wameinuka kutoka kwenye magunia. Walikuwa wamejipanga foleni, kimya, kila mtu na karatasi yake mkononi. Mbele kabisa alisimama mzee mwenye gunia la tangawizi.

Simu ililia. Namba ya Gitega.

"Madamu Letisia." Sauti ya Bwana Fredi ilikuwa ya upole kuliko kawaida, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Mchana huu nimegonga barua kumi na nne. Za kufuta kazi za makarani wakuu wa matawi yote. Ya kwanza iko na jina lako. Sasa mama wa posta amenirudishia zote, anauliza kwa nini barua za Direkteri Jenerali ziko na kashe ya Muyinga."

Letisia aliihamishia simu sikio la pili.

"Audax iko hapa mbele yangu, anatetemeka. Jibu vizuri, Madamu. Kashe yangu iko wapi?"

Letisia aliutazama muhuri. Aliitazama foleni, iliyokuwa imefika getini na bado watu wanaongezeka. Kifaranga alitembea kiganjani mwake, miguu yake ikawa ya zambarau.

"Iko kazini, Bwana Direkteri," alisema, akaiweka simu juu ya boneti bila kuizima.

Kisha akamgeukia mzee wa tangawizi.

"Leta karatasi yako, baba."